Swali la Mwalimu Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona hiyo pakawa imetokea puani? Na ninyi wakubwa huko nyuma, mnajifanya mmekuja kusindikiza watoto. Hadithi hii ni yenu pia, tena yenu zaidi. Haya, Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule moja tu, alikuwepo Mama Kakakuona na mwanawe mmoja, Kombo. Mnamjua kakakuona? Ana magamba mwili mzima, ana ulimi mrefu wa kulambia mchwa, na akiogopa hujikunja, kru! Anakuwa duara. Huoni kichwa, huoni mkia. Hata simba humgeuzageuza akachoka, akaenda zake.

Shule yenyewe ilikuwa juu ya jiwe bapa, na mwalimu alikuwa Korongo. Korongo huyo alikuja kila kiangazi, akafundisha, na mawingu ya masika yakianza kujikusanya anatahini, kisha huyoo, anaruka kwenda nchi za mbali. Anayejibu anavuka mto kwenda shule ya Ndovu. Asiyejibu, basi tena, maana mtoto alitahiniwa mara moja tu.

Mwaka uliotangulia mtoto wa Kalunguyeye hakujibu. Aliitwa mbele, akajikunja na miiba yake, kimya. Korongo akasema, "Huyu kichwani hamna kitu." Tangu siku hiyo mtoto yule akawa anazurura majanini, hasemi na mtu. Mama Kombo alimwona kila alipokwenda kutafuta mchwa, na kila alipomwona alimwaza mwanawe.

Maana Kombo naye alikuwa vilevile. Nyumbani alikuwa moto wa kuotea mbali. Akichimba kichuguu na mama yake, chaka chaka chaka, alitaja majani yasiyoliwa, akaeleza maji yanapojificha kiangazi, hata mama akajifunza kwake. Lakini shuleni Korongo aligonga mdomo wake mrefu, ko! ko! ko! "Kombo, simama ujibu."

Kru! Kombo duara.

Kesho yake, ko! ko! ko! Kru! Keshokutwa, ko! ko! ko! Kru! Watoto wa Tumbili wakacheka mpaka wakashikana mbavu.

Mama Kombo akawa hali, hanywi. Akaenda kwa jirani yake, Bi Kicheche, ambaye kila jambo la watu yeye analijua.

"Unamdekeza," Bi Kicheche akasema. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Wangu mimi nikiwatazama tu, wanasoma."

Mama Kombo akarudi na maneno hayo kichwani. Akamnyima Kombo kucheza. Akamwamsha jogoo hajawika. Hata mchwa akamwambia atakula akishajibu. "Nitazame usoni ujibu," akamwambia. "Unataka kuwa kama mtoto wa Kalunguyeye?"

Na Kombo, ambaye hakuwahi kujikunja mbele ya mama yake, akajikunja palepale nyumbani. Mama akamshika magamba, akavuta ili afunguke. Alivyovuta ndivyo mtoto alivyokaza. Mwishowe akamwacha, akakaa chini.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Korongo akamwita Mama Kombo shuleni.

Akamkuta amesimama kwa mguu mmoja. Watoto wote wamekaa, macho yote kwake.

"Mama Kombo, mtihani ni kesho. Mwanao ana tatizo gani?"

Maneno alikuwa nayo. Njia nzima alikuwa akiyapanga. Alitaka kusema, mwanangu anajua, njoo kwenye kichuguu umsikie mwenyewe. Akafungua mdomo. Korongo akagonga, ko! ko! ko! "Nasubiri, mama."

Kru!

Jamani. Mtu mzima na akili zake, duara mbele ya watoto wa watu. Wakacheka, we! Na mle ndani giza. Moyo wake aliusikia masikioni, du, du, du. Alijiambia fungua, mwili ukakataa. Ndipo akamkumbuka mwanawe, kwamba humu ndimo anamoingia kila siku, peke yake, na mama yake yuko nje anamvuta magamba. Akalia.

Akalia mpaka pumzi ikamrudia. Na maneno yake yote yalikuwapo bado, hayakwenda popote. Akajaribu moja, mdomo umeelekea tumboni. "Mwalimu." Likatoka, dogo. Lakini Korongo ana shingo ndefu, masikio yako juu huko. Hakusikia. Alikuwa amekwisha kugeuka.

Jioni mama hakumsomesha Kombo. Alimchimbia mchwa akala, akashiba. Kisha akamwambia, "Mwanangu, leo na mimi nimejikunja."

Kombo akamtazama. "Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Ulisikia moyo?"

"Du, du, du. Nisamehe mwanangu kwa kukuvuta." Akamsogelea. "Kesho usihangaike kufunguka. Jikunje. Vuta pumzi. Halafu sema ukiwa humohumo."

Wakajikunja wote wawili kando ya kichuguu, wakaulizana maswali, duara kwa duara.

Asubuhi radi zinanguruma. Korongo ana haraka, mabawa yanamwasha. Akawaita, huyu akajibu, yule akajibu. Ko! ko! ko! "Kombo."

Kru!

"Yale yale," wakasema watoto wa Tumbili. Korongo akainua mdomo amwite anayefuata. Mama Kombo, aliyesimama pembeni, akasikia kitu kinavuma ndani ya lile duara, kama nyuki mzingani. Mwanawe anaongea, na hakuna anayemsikia. Mwili wake mwenyewe ukaanza kujikunja. Akauacha ujikunje. Akasema akiwa nusu duara, "Anajibu, Mwalimu. Inama."

Korongo hakuwahi kumwinamia mwanafunzi. Akatazama mawingu. Akatazama duara. Kisha ile shingo ndefu ikaanza kushuka, ikashuka, ikashuka, mpaka kichwa kikafika kwenye magamba. Akauliza bila kugonga, "Majani gani hayaliwi?"

Sauti ikayataja, halikubaki hata moja.

"Maji hujificha wapi kiangazi?"

Ikaeleza, ikataja na chemchemi ambayo Korongo mwenyewe hakuijua.

"Amefaulu," Korongo akasema. "Atavuka mto."

"Lakini Mwalimu, hajasimama," akasema mtoto wa Tumbili.

"Nimemuuliza majani na maji. Sikumuuliza miguu."

Mama Kombo akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani kiangazi kizima. Lakini Korongo hakuinuka. Akabaki ameinama vilevile, matone ya kwanza yanamdondokea mgongoni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama Kombo, yule mtoto wa Kalunguyeye, mwaka jana. Na yeye alikuwa anajibu?"

Mama Kombo akageuka, akatazama majanini. Mvua ikaanza kunyesha.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Mtoto asiyejibu si lazima awe hajui. Pengine ana njaa, pengine ana hofu, na hofu haitoki kwa kuvutwa wala kwa kugongewa. Mwinamie umsikie kwanza, kabla hujasema kichwani hamna kitu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na mwenye swali anayeogopa kuliuliza mbele za watu, aje pembeni. Nitainama.