Kondoo wa Waimbaji na Breki Zilizokwisha

Sogeeni, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Huko Uporoto walikuwako watu watatu na lori moja. Tusekile, mwenye lori, alijaliwa pua. Dereva wake, Mwakanema, alijaliwa mguu: pedeli ikibadilika kidogo tu, anajua. Fundi Ambakisye alijaliwa sikio. Mafundi wengine huvua tairi wakatazama pedi za breki zimebaki unene gani. Yeye alisikiliza tu lori likifunga breki, akasema, "Nzima," au, "Zimekwisha." Alisifiwa mpaka akaona kushika jeki ni aibu.

Jumamosi moja lori likawa liwapeleke akina mama wa kwaya msibani. Walipanda wakiimba. Ambakisye akatega sikio, akasikia sauti ya kwanza, sauti ya pili na ngoma. Breki hakuzisikia ng'o. Kuwanyamazisha akina mama aliona haya. Kuvua tairi mbele yao, haya maradufu.

"Vipi, fundi?" akauliza Mwakanema.

"Nzima. Nendeni."

Lo! Lori lilipofunga breki pale konani, wimbo ulikuwa umekwisha. Akasikia chuma kikisaga chuma. Pedi zilikuwa zimelika zote. "Watu kumi na tisa, nami nimewaambia nendeni!" Akadandia bodaboda kuwafuata.

Mteremkoni, Tusekile, aliyekaa kando ya dereva, alinusa harufu ya kuungua. "Mwakanema, breki hizo! Rudi gia ya chini!" Bila pua ile, lori lingeshika kasi isiyozuilika.

Mwakanema akakanyaga, mguu ukazama mpaka chini. Hakupapatika. Akashusha gia, akaliegemeza lori kwenye ukingo wa udongo hadi likasimama. Bila mguu ule, wote wangeishia korongoni.

Mara lori likaanza kuserereka tena. Ambakisye, aliyekwisha kufika, akaruka na kusukuma jiwe chini ya tairi, kidole kikasagika. Lori likatulia. Bila jiwe lile, tungekuwa tunasimulia mazishi.

Kesho yake Mama Sekela, mkuu wa kwaya, akaleta kondoo. "Kondoo wa shukrani hagawanywi, huenda nyumba moja. Fundi, mchukue. Ulitukimbilia hata kabla hatujapiga yowe. Ulijuaje?"

Ambakisye akabubujikwa na machozi. "Msinipe, mama zangu. Sikukagua. Mlikuwa mnaimba, nikaona haya kuwanyamazisha, nikasema nzima."

"Basi hastahili hata mkia!" akafoka Tusekile.

Mwakanema akainamisha uso. "Mimi pedeli niliihisi tangu Alhamisi. Nikanyamaza, kwa kuwa mwenye sikio ni yeye."

"Wewe Tusekile, lori ni lako," akasema Mama Sekela. "Uliwahi kumwambia avue tairi?"

Tusekile akatikisa kichwa.

Haya, wenzangu. Wote watatu waliokoa, na kwa kosa lake hakuna hata mmoja aliyelala usiku ule. Wewe ungempa nani kondoo? Nawe unayesema fundi asipewe, nijibu hili pia: ungekuwa wewe, kamba ya kondoo umeshawekewa mkononi na hakuna ajuaye, ungesema?