Kichupa cha Ndago

Paukwa!

"Pakawa!"

Nyie wa nyuma mmemeza ulimi? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Zamani hizo, umbea ukiwa bado mchanga, alikuwepo binti akiitwa Siwatu. Mama yake alichimba ndago, yale majani sumbufu ya shambani yenye mizizi ya kunukia. Akachimba, akachimba, mpaka magoti yakakataa. Akaichemsha mizizi, akakinga mvuke, tone kwa tone, akapata kichupa kimoja cha mafuta.

"Nitunzie, mwanangu. Dada yangu ng'ambo ya kilima yu mahututi. Kesho asubuhi unichue magoti, nikamwone."

"Haya, mama."

Mara akaja Kanga, shingo mbele.

"Shoga, nasikia una mafuta. Ya nini?"

"Ya kufukuza mbu. Nusa!"

Siwatu akafungua. Mafuta yakasema, "Nifunike, Siwatu, nina mabawa mimi."

"Ngoja kwanza!" Wakapiga soga weee.

Kanga katoka, Nguchiro kaingia.

"Ya nini hayo?"

"Ya kutia sandukuni, nondo wasile nguo. Nusa!"

"Nifunike, Siwatu, nina mabawa mimi."

"Ngoja kwanza!" Wakamsema Kanga mpaka jua likahama uani.

Akaja Kima. Huyo hakunusa tu, alichovya na kidole.

"Ya nini, mwenzangu?"

"Ya kuchua viungo," akasema Siwatu, na moyo ukamshtuka kidogo.

"Kifunike!"

Ehee, hata nyie mnampigia kelele! Laiti mngekuwepo siku ile, wajukuu zangu! Sauti ya mafuta ilishakuwa nyembamba kama ya mbu. "Nifunike…"

"Ngoja kwanza!" Nguchiro alikuwa hajasemwa bado.

Asubuhi mama akanyoosha miguu mkekani. Siwatu akainamisha kichupa. Akakitikisa. Kikavu.

"Yako wapi, mwanangu?"

"Yameruka, mama."

Mama hakugomba. Heri angegomba! Siwatu akamchua kwa mikono mitupu, akachua, akachua. Mama akajikongoja mpaka kizingitini, akakaa. Habari ya msiba ikamkuta hapo hapo.

"Hakumwona dada yake?"

Hakumwona.

Jioni wakaja kuhani: Kanga, Nguchiro na Kima. Wote wananukia ndago. Mama akainua uso, akavuta pumzi, akamtazama Siwatu. Siwatu hakupata pa kuweka macho.

Basi, wanangu, cha kutunza si cha kuringia. Nami ngano yangu naifunika hapo, isije ikaruka.