Kwa Nini Mwimbaji Humwita Mpiga Gitaa kwa Jina

Hapo kale, nyimbo za wachunga ng'ombe zilipoanza kunaswa kwenye santuri, mwimbaji hakumtaja mtu. Aliimba, gitaa likalia, akaimba tena, basi. Nanyi mnaosikia leo majina yakiitwa katikati ya wimbo mnadhani ni mbwembwe za wanamuziki. Jina hilo lilipiganiwa.

Kule milimani alikuwako Kibuchi, aliyelaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi mpaka zikalia kama mtu aliyefiwa. Mwimbaji wake alikuwa Mugweru, sauti ya kawaida tu, kofia kubwa. Santuri yao ya kwanza ilivuma kila mkahawa. Na watu walinyamaza wapi kusikiliza? Pale kwenye gitaa! Lakini karatasi iliyobandikwa kwenye santuri ilikuwa na jina la Mugweru peke yake, na alipoulizwa ni nani anayepiga pale katikati, alicheka akasema, "Ni mimi na vijana wangu." Vijana! Kibuchi alikuwa mkubwa wake kwa umri.

Kibuchi alimpelekea mama yake, Wangeci, santuri ile kwa furaha. Mama alisikiliza, akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, usijitwalie kazi ya mwenzako. Hapa hujatajwa."

Neno hilo lilimchoma. Mama mzazi kumwona mwongo, kisa Mugweru amemnyima jina!

Siku zile wimbo ulinaswa kwa mkupuo mmoja, wote mbele ya kipaza sauti kimoja, na kilichotamkwa hakikufutika. Walipoitwa kurekodi tena, Kibuchi alikwenda amenuna. Zamu yake ilipofika, aliinua chuma juu ya nyuzi, akakishikilia hapo hapo. Kimya. Santuri inazunguka. Mugweru alimkodolea macho. Kibuchi hakushusha mkono.

"Piga basi!" Mugweru akapaza sauti. "Piga, Kibuchi! Kibuchi wa Wangeci, piga!"

Ndipo chuma kikashuka.

Mama aliisikiliza santuri ya pili mpaka mwisho. Kisha akaomba sindano irudishwe pale penye jina.

Na tangu siku hiyo mwimbaji humwita mpiga gitaa kwa jina kabla nyuzi hazijalia. Kwenye karatasi bado hawamwandiki, wasio na haya wale. Ndiyo maana mpiga gitaa naye, hata leo, hukawia kidogo kabla ya kushusha chuma: anangoja atajwe.