Firigisi ya Mgeni wa Igulumo

Zamani hizo, wanangu, fisi walipokuwa bado wanabisha hodi kabla ya kuiba mbuzi, Igulumo ilikuwa mtama, mtama, mtama tupu. Nyie mmezaliwa mkakuta mashimo. Mimi nayajua yote, na anayebisha atoke nje!

Palikuwa na mama mmoja, Nyanzobe, mke wa Masunga. Kila akichinja kuku, ndani ya firigisi alikuta punje za njano, nzito, zinang'aa. Akazitupa chooni. Akazitupa tena, na tena. Alikwisha kusikia ya kijiji cha pili: waliokota mawe kama hayo, wakaja watu na sururu, mashamba yakaisha.

Siku moja akatokea mgeni mwenye nyundo kiunoni.

"Mama Ndalahwa!" Masunga akamwita mkewe. "Mgeni katoka mbali, chinja kuku!"

Kwa desturi yao, firigisi ya mgeni haikupasuliwa jikoni. Ilichemshwa nzima, mgeni akaipasua mwenyewe, aone hakufichwa kitu. Mchanga? Waliutema, wanangu. Watu wa zamani walikuwa na meno!

Nyanzobe akachomoka mbio hadi kwa jirani yake Kwandu, ng'ambo ya kijito, akamkuta ananyonyoa kuku.

"Mama Shija, niazime firigisi!"

"Kuku wako siku hizi hawana?"

"Paka kaila. Usinicheke, mgeni ananawa mikono!"

Kwandu akasita. Lakini kumwacha jirani aaibike mbele ya mgeni? Haikuwezekana. Akaitoa huku akitazama pembeni. Nyanzobe hakuona, alikuwa na hofu yake.

Ikaiva. Mgeni akashika kisu. Nyanzobe akashusha pumzi, ya kwanza tangu asubuhi.

Ko!

Punje saba za njano, kubwa kuliko zote alizowahi kutupa.

"Mzee Masunga," mgeni akasema taratibu, "kuku huyu alikuwa anadonoa wapi?"

Mlangoni alisimama Kwandu, aliyeifuata firigisi yake, kaniki mdomoni.

"Na wewe?" Nyanzobe akanong'ona.

"Mwaka wa nne huu nazitupa."

"Mimi wa sita."

Mvua zilipokuja, palipokuwa na mtama palisimama watu na sururu.

Basi, wanangu, mkiogopa jambo, semezaneni mapema. Wale mama wawili wangeambiana, mji mzima ungekuwa na jibu la kumpa mgeni yule.

Hadithi nimeitua hapo. Asiyeamini akamuulize kuku.