Nafasi Moja ya Kwenda Kingston

Wasikilizaji wangu, wadogo kwa wakubwa, leo nina kesi na hakimu sina. Nitaieleza yote, nanyi mtaamua. Mwenye haraka ya kujibu alimeze jibu lake kwanza, maana huenda akalibadilisha kabla sijamaliza.

Katika mji wa Tamale, kaskazini mwa Ghana, alikuwako mwimbaji aitwaye Wumpini. Alianza kuimba akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye sherehe za kuwapa watoto majina. Alipofika kumi na tisa akapanda jukwaa la mashindano ya dansihol, muziki ule wa maneno ya kasi na midundo mizito uliotoka Jamaika. Washindani wengine kumi na mmoja wote walikuwa wanaume. Mmoja wao akamwambia, "Binti, mashindano ya mapishi yako mtaa wa pili." Wumpini akaishika maikrofoni, akamwimba huyo huyo kuanzia viatu hadi kofia, kwa Kidagbani safi, lugha ya kwao, mpaka watu wakaketi chini kwa kicheko. Tangu siku hiyo wakamwita Radi.

Lakini Radi hakupiga peke yake. Nyuma yake walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Azara, dada yake wa tumbo moja, muuza uji wa uwele. Kipawa chake kilikuwa maneno. Shule aliishia darasa la nne, ila neno likimtoka kinywani lilikuwa limekwisha kunolewa. Nyimbo zote za Radi zilitungwa na Azara, huku akikoroga uji.

Wa pili ni Sulemana, fundi wa simu. Kipawa chake kilikuwa sikio. Aliichukua sauti ya ngoma ya kwapani, ile ambayo kwao husema kama mtu, akaiingiza kwenye kompyuta yake na kuitwanga pamoja na midundo ya Jamaika. Hakuna aliyewahi kusikia dansihol ya namna ile.

Wa tatu ni Napari, mwenye mashine ya kusaga nafaka. Kipawa chake kilikuwa mikono. Spika zote alizoimbia Radi, kutoka Tamale hadi Bolgatanga, Napari ndiye aliyezichonga mbao na kuziunga nyaya. Kwa maneno alikuwa bahili. Ukimsalimu asubuhi, jibu unaweza kulipata adhuhuri.

Basi, mjini hapo palikuwa na tajiri mmoja, jina lake Yidana, mwenye kituo cha redio kilichosikika kuliko vyote. Alimwita Wumpini ofisini, akamkalisha kwenye kiti laini.

"Niimbie mimi," akasema. "Jina langu mara tatu tu ndani ya wimbo, nami nitakufikisha mbali."

"Mzee," Wumpini akajibu, "nyimbo za sifa zina wenyewe. Mimi si mmoja wao."

Kuanzia kesho yake redio ya Yidana haikupiga tena wimbo wa Radi hata mmoja.

Hilo Wumpini alilivumilia. Lakini mwaka uliofuata Yidana akauzungushia seng'enge uwanja wa mtaa wao, jina lake limeandikwa kwenye kila nguzo, akidai ni wake, anataka kujenga maghala. Uwanja huo ndio watoto waliochezea mpira, ndio wanawake walioanikia kokwa za mshea ili wakamue mafuta. Kokwa zikaanza kuoza majumbani. Wazee walikwenda kulalamika wakarudi. Barua zilikwenda zisirudi.

Wumpini akawaita wenzake watatu. "Nitauimbia uwanja ule," akasema, "na nitauimbia palepale, mbele ya seng'enge, Jumamosi alasiri, jua likiwaka, ili kila mtu anione."

Azara alikuwa ameolewa na dereva wa Yidana. Mumewe aliposikia habari, akamwambia, "Ukitunga wimbo huo, usirudi kwangu." Azara akautunga. Beti tatu, na kiitikio cha neno moja: Ng'oa! Siku hiyo hiyo alifika kwa mama yao na sufuria zake kichwani, na kijana nyuma yake akimbebea godoro. Wumpini alipomwona akaangua kilio.

"Utalia baadaye, mdogo wangu," Azara akamwambia. "Kwanza shika ubeti wa pili, unausema vibaya."

Sulemana naye akajiwa na meneja wa Yidana, akaahidiwa kuwa mkuu wa studio ya redio, mradi tu asiutie wimbo ule midundo. Akakataa. Kibanda chake cha kazi kilikuwa kwenye jengo la Yidana. Kesho yake alikuta vitu vyake vimetupwa barabarani, kompyuta imepasuka, na midundo yote imo ndani yake. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Akaazima kompyuta, akakaa uani kwa mama yao Wumpini, akaanza upya kwa kumbukumbu ya sikio lake. Siku mbili hakuinuka ila kwa swala. Alipomaliza, Wumpini aliusikiliza wimbo akaona ni mkali kuliko ule wa kwanza.

"Hasira imeingia humu," akasema.

"Imeingia kwa makusudi," Sulemana akajibu.

Jumamosi ikafika. Watu walijaa hadi juu ya mapaa. Wumpini akapanda juu ya meza mbili zilizofungwa pamoja, akaimba ubeti wa kwanza, na kabla hajafika kwenye kiitikio umeme ukakatika. Mtaa wote kimya. Ng'ambo ya seng'enge walinzi wa Yidana wakaanza kucheka.

Napari akageuka mara moja. Alikwenda kwenye banda lake, akarudi na vijana wanne wakisukuma injini ya mashine yake ya kusaga juu ya mkokoteni. Akaiunga na dinamo ya jenereta bovu, akaifunga na spika. Injini ile aliirithi kwa baba yake, nayo ndiyo iliyomlisha mama yake na watoto wake wanne. Haikuundwa kwa kazi hiyo, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Itaungua, kaka," Wumpini akamwambia.

"Imba," Napari akasema.

Akaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Injini ilitoa moshi mweupe, kisha mweusi, na Napari amesimama kando yake, kiganja juu ya bomba, kama mtu anayemtuliza ng'ombe anayechinjwa. Kiitikio cha mwisho kilipoisha, injini ikakata roho. Lakini kufikia hapo spika hazikuhitajika tena. "Ng'oa!" watu wakapaza sauti, na Wumpini akaruka kutoka mezani, akaikumbatia nguzo ya kwanza, akaivuta mpaka viganja vikachubuka. Ikang'oka. Wanawake wa kokwa wakaja nyuma yake. Jua lilipotua hapakuwa na nguzo iliyosimama, na walinzi walikuwa wamekwenda zao.

Wiki iliyofuata ramani za mji zikafunguliwa hadharani, ikaonekana uwanja ulikuwa wa umma tangu enzi za mababu. Yidana hakuweza kuweka hata kigingi.

Watu walikuwa wameirekodi siku ile kwa simu, na picha zikasafiri. Mwezi haukuisha, barua ikatoka Kingston, Jamaika, kwenye chimbuko la dansihol. Radi alialikwa miezi mitatu, aimbe kwenye tamasha kubwa na arekodi wimbo wake upya. Aje na mtu mmoja aliyeufanya wimbo uwezekane, na jina la mtu huyo litaandikwa juu ya wimbo pamoja na lake. Mmoja. Jina lifike kabla ya adhuhuri ya Ijumaa.

Wakakaa uani, wanne hao.

"Mimi ni damu yako," Azara akasema, "lakini hilo liache. Maneno ni yangu. Mume nimempoteza kwa neno moja. Toa neno hilo, wimbo unabaki nini?"

"Unabaki mdundo," Sulemana akasema. "Wale wa Kingston hawajui Kidagbani, dada. Walichosikia ni ngoma yangu. Niliitengeneza mara mbili, na kibanda sina."

Wote wakamgeukia Napari. Alikuwa akiondoa masizi kwenye kucha.

"Wimbo usiosikika ni mawazo," akasema. Akarudi kwenye kucha zake.

Wumpini akaikunja barua. "Basi siendi," akasema. "Nabaki hapa nanyi."

Azara akasimama. "Thubutu! Ukibaki, Yidana atasema ametushinda. Nenda. Na uchague."

Alhamisi Yidana mwenyewe akaja, gari likasimama mlangoni. Alikuwa na bahasha. Alisema amesikia shida yao. Atawalipia wengine wawili nauli na malazi, waende wote wanne. Yeye anaomba kitu kidogo tu: huko Kingston, jukwaani, Radi aimbe jina lake mara tatu.

Wumpini akawatazama wenzake. Azara alikuwa ameuma mdomo. Sulemana alikuwa akitazama chini. Napari peke yake ndiye aliyemtazama machoni, naye uso wake haukusema ndiyo wala hapana. Ingekuwa rahisi mno! Jina moja mara tatu, pumzi moja, na watu wote aliowapenda ndani ya ndege.

"Mzee," akasema, "jina lako nimekwisha kuliimba. Lilikuwa limeandikwa kwenye nguzo." Akamrudishia bahasha kwa mikono miwili, kama heshima itakavyo, akamfungulia mlango.

Hakuna aliyemlaumu. Lakini hakuna aliyelala vizuri pia.

Sasa ni Ijumaa, saa tano na nusu. Wumpini ameketi na fomu ya safari, kalamu mkononi. Jina lake limekwisha andikwa. Chini yake mstari uko wazi.

Aliyetoa neno alipoteza ndoa. Aliyetoa mdundo alipoteza kazi. Aliyetoa sauti alipoteza injini ya baba yake. Ondoa mmoja wao, na nguzo zingekuwa zimesimama hadi leo.

Kesi ndiyo hiyo. Wewe uliyeketi mbele, na wewe uliyejificha nyuma ukijifanya husikii: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazama usoni ukawaambia nini?