Haya ya Mwenyekiti

Mambo yalianza Jumatano, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, katika fleti ya ghorofa ya tatu kule Upanga, Hidaya alipoteleza bafuni. Hakuanguka. Alidaka sinki kwa mikono miwili, akabaki ameliinamia, tumbo la miezi minane likigusa ukuta. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka. Sasa marumaru hizi kuukuu, telezi kama bamia iliyopikwa, nusura zimnyang'anye na ya pili.

Nisikilizeni vizuri, maana nitawauliza. Karibu na Hidaya walikuwapo wanawake watatu. Bi Zamda, mke wa mwenyekiti wa umoja wa wakazi, alijaliwa sikio: ukisema neno moja, yeye anasikia na ulilolificha. Tumaini, aliyekaa ghorofa ya pili, chini kabisa ya bafu lile, alijaliwa msimamo: akishasema, kasema. Na Sijaona, fundi wa marumaru, alijaliwa mikono: kwenye sakafu yake hata maji yaliijua njia.

Jengo lilikuwa na sheria: hakuna kuvunja sakafu ya bafu bila idhini ya kamati. Chini ya marumaru kuna tabaka la kuzuia maji. Likitobolewa, anayelowa ni jirani wa chini. Hidaya aliijua sheria hiyo. Yeye ni mtu wa kufunga bomba, kisha kurudi kuhakikisha kama kweli amelifunga. Asubuhi ileile alimkuta mwenyekiti, Mzee Kiluvya, akipanda ngazi na kapu la samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nataka kubadilisha marumaru za bafuni. Zinateleza, leo nimeponea chupuchupu."

"Haya," akasema mzee, akapita.

Alhamisi Sijaona akaja na nyundo na patasi. Kufikia adhuhuri sakafu ilikuwa kifusi na choo kimeng'olewa. Ndipo mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Nani amekupa idhini?"

"Si wewe, mzee? Ulisema haya."

"Haya ya nimekusikia! Nilisema haya ya kavunje?"

Aliyevunja bila idhini, kazi yake hufungwa mpaka kikao cha mwezi ujao. Mtoto hangesubiri kikao. Mume wa Hidaya, dereva wa lori, alikuwa njiani kwenda Lubumbashi. Kwao Hidaya ni Tunduru, mbali, na daktari alishakataza safari. Hidaya akakaa kwenye ngazi mbele za watu, akalia, na katika kulia neno likamtoka: "Atakayenirudishia bafu langu kabla sijajifungua, mtoto huyu akiwa wa kike nitampa jina lake. Wallahi!"

Wote watatu walikuwapo. Wote watatu walisikia.

Jioni kamati ikakaa kwenye viti vya plastiki, pale wanapoegesha magari. Bi Zamda akasimama bila kuitwa.

"Mume wangu, haya zako nazijua tangu usichana wangu. Haya ya niache, unaivuta. Haya ya nitafikiria, unaisemea puani. Ile ya jana niliisikia, nilikuwa mlangoni nasubiri samaki. Ilikuwa fupi. Na haya fupi ndiyo uliyompa marehemu baba alipokuuliza kama unanioa!"

Kamati ikaangua kicheko. Mzee Kiluvya hakucheka. Alikuna kidevu, akakiri kwamba kwa upande wake idhini ilitoka. Wiki nzima alikula bila kumsemesha mkewe.

Lakini idhini ya mwenyekiti ni nusu. Jirani wa chini lazima akubali, na macho yote yakamgeukia Tumaini. Miaka ya nyuma, kabla Hidaya hajahamia, maji ya bafu lilelile yalimwangushia dari juu ya cherehani yake, cherehani iliyolisha wanawe. Aliapa hatasikia tena nyundo juu ya kichwa chake.

"Nikikataa?"

"Imekwisha," akasema mwenyekiti.

Hidaya alishindwa kumtazama. Alitazama vidole vya miguu yake, navyo hakuviona kwa tumbo.

"Kiapo changu kilikuwa kwa yule aliyehama," Tumaini akasema. "Huyu sijamwapia. Fanyeni. Na wewe, mdogo wangu, utaoga kwangu."

Tabaka jipya lilipokauka, Sijaona alijaza maji bafuni kulijaribu. Kutwa nzima Tumaini alikaa chini ya maji yale, shingo juu, akiangalia dari. Halikudondoka tone.

Kabla Sijaona hajapanga marumaru, simu yake ikaita. Msimamizi wa hoteli mpya alimtaka, mabafu ya hoteli nzima.

"Unakuja leo au nimpe mwingine?"

"Nina bafu la mjamzito."

"Kwani mimba yako?"

"Kwani hoteli yako?" Akakata simu, na kazi ile ikaenda kwa mwingine. Akapiga magoti, akazipanga marumaru za kukwaruza kidogo, moja baada ya moja, zote zikiinamia tundu la maji. Siku ya mwisho kiuno cha Hidaya kilianza kuuma.

"Dada, mwambie asubiri saruji ikauke!" akasema Sijaona.

Mtoto akasubiri. Saruji ilipokauka, Hidaya aliingia pekupeku, nyayo zikashika, akaoga amesimama wima. Jioni uchungu ukamchukua, akajifungua salama. Wa kike.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alikuja kuuliza jina. Watatu walikuwa wamekwisha kuzunguka kitanda.

"Bila neno langu, kazi ingefungwa palepale," akasema Bi Zamda.

"Bila ndiyo yangu, shoga, neno lako lingebaki umbea wa ngazini."

"Na bila magoti yangu," akasema Sijaona, "nyote wawili mngekuwa mmeidhinisha kifusi."

Hidaya aliwatazama mmoja mmoja. Aliahidi jina moja, kwa kiapo, mbele za watu. Akamkaza mtoto kifuani, akamwomba muuguzi asogee asikie vizuri, akafungua kinywa.

Haya, nyie mliokaa kimya muda wote: mngekuwa nyinyi kitandani pale, na hao watatu wakiwatazama, mngelitaja jina la nani?