Jibu Lililokaa Miaka Thelathini

Wapendwa, leo nawapeleka kwa mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupima maji. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, ili mtu asije akaketi hapo akamhukumu kabla hajajitazama mwenyewe.

Alikuwa msomi wa maabara. Alipokuwa na miaka ishirini na minane, ofisi yake ilimtuma kwenye vijiji vya tambarare, chini ya mlima, huko ambako mvua ni ya kubahatisha na watu huchimba visima kwa mikono. Alikwenda na dereva, daftari, na sanduku la chupa. Akapita kisima hadi kisima. Anateka, anajaza chupa, anabandika karatasi, anaandika: kisima namba moja, namba mbili, hivyo hivyo mpaka jua linazama.

Kisima namba kumi na nne kilikuwa uani kwa mama mmoja kijana, ambaye mumewe alikuwa ameenda kuchunga mbali. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka miwili. Watu wa kisa hiki sitawataja majina, ila huyo binti. Aliitwa Elinaike, na nawaomba mlishike jina hilo, kwa maana mtaalamu wetu hakuliuliza.

Mama yule alimpa kiti, akampa uji wa ulezi uliopikwa kwa maji ya kisima chake. Majirani wakasogea. Walikuwa na jambo linalowasumbua: meno ya watoto wao yalikuwa yakiota na madoa ya kahawia, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni ukoo, wengine walisema ni udongo. Sasa amekuja mtu wa vipimo.

“Baba,” mama yule akamuuliza, “maji yetu yana nini?”

“Tutapima, mama. Majibu nitawaletea mimi mwenyewe.”

Je, alidanganya? Hapana. Siku ile alimaanisha kila neno. Nani kati yetu hajawahi kuahidi kwa moyo mweupe?

Wiki ya tatu, maabarani, majibu yakatoka. Maji ya vijiji vile yalikuwa na madini yaitwayo floraidi. Kidogo hufaa meno. Yakizidi huyatia rangi ya kahawia, na yakizidi zaidi, mtoto anayekua akiyanywa mwaka baada ya mwaka, mifupa yake hupinda. Na kisima kilichozidi vyote kilikuwa namba kumi na nne. Alirudia kipimo mara tatu akidhani chombo kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Hakuna mtu nchini aliyewahi kuandika kiwango kama kile, na yeye ndiye aliyekipata. Alitoka mbio kwenye ujia kumwambia mwenzake, akicheka kama mtu aliyepata mtoto. Kwa miaka mingi aliihesabu siku ile kuwa siku kubwa ya maisha yake.

Alikumbuka kijiji, msidhani hakukumbuka. Alimwendea mkuu wake akamwambia kwamba wale watu waambiwe. Mkuu akamjibu kwa upole kwamba zipo ngazi, kwamba taarifa iandikwe, ipelekwe juu, na wenye kazi ya kuwaambia watu watawaambia. Basi akaandika taarifa. Kurasa arobaini, kwa Kiingereza safi, na michoro. Ikasifiwa. Jioni moja alichukua karatasi nyingine aandike barua ya Kiswahili kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaandika mistari miwili, akaona haijakaa vizuri, akasema ataimalizia kesho. Kesho yake ikaja barua ya nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo.

Ndugu zangu, kuna kesho ngapi katika miaka thelathini na miwili?

Akasoma, akarudi, akawa mkuu wa maabara. Wanafunzi wake wakawa wakubwa. Kila mahali alipoitwa kusema, alieleza habari za kisima namba kumi na nne. Na siku za kustaafu zilipokaribia, vijana wa maabara wakamwomba kwamba katika sherehe ya kuagwa awasimulie mambo asiyoweza kuyasahau katika kazi yake. Akafurahi. Akasema moyoni, ngoja nikapaone tena pale nilipoanzia, hadithi itanoga zaidi. Akapanda gari akaenda.

Aliikuta nyumba ile ile, imeongezwa bati. Uani alikaa mwanamke mtu mzima akipukuchua maharage. Pembeni ya ukuta kulikuwa na fimbo mbili.

“Shikamoo, baba,” akasema yule mwanamke, bila kuinuka.

“Marahaba.”

Mama akatoka ndani, mvi zimemjaa. Alimkazia macho kidogo, akamtambua. Akashangilia kwa sauti ya chini, akaleta kiti, akaita kwamba chai iwekwe. Na ndipo Elinaike akavuta fimbo zake, akainuka kwenda jikoni, na mtaalamu akaona miguu. Ilikuwa imepinda kutoka magotini, imekwenda nje kama upinde. Kila hatua aliuzungusha mwili mzima.

Mtaalamu hakuwa na haja ya kuuliza. Alikuwa amefundisha ugonjwa ule kwa picha miaka ishirini. Hata hivyo aliuliza. Mama akamsimulia bila kulalamika. Miguu ilianza kupinda mtoto akiwa darasa la pili. Alipofika la tano hakuweza tena kwenda shule, maana shule ilikuwa mbali. Wachumba hawakuja. Yeye ndiye anayemlea mama sasa, kwa kushona makawa ya kufunikia chakula na kupukuchua maharage ya watu.

Akauliza kama hakuna aliyekuja kutoka ofisini. Mama akasema hakuna. Lakini mwinjilisti wa zamani wa pale aliwahi kuwasihi waache visima, wateke chemchemi ya mlimani, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi. Nusu ya nyumba zilimsikiliza. Watoto wa nyumba hizo wamenyooka, alisema, wengine ni askari.

“Na ninyi, mama? Mbona hamkwenda?”

“Kwetu ndiko ulikokunywa uji. Tukasema tusimwaibishe mgeni. Tungoje jibu lake.”

Wapendwa, alidhani kosa lake ni kunyamaza tu. Hakujua kwamba neno lake ndilo lililowafunga pale kisimani. Laiti asingefika kabisa, wangemfuata mwinjilisti.

Angeweza kusema kwamba majibu yalipotea. Dereva alikuwa nje, gari linawaka. Nani angejua? Lakini alivua miwani, akaishika kwa mikono miwili.

“Mama,” akasema, “majibu nilikuwa nayo. Niliyapata wiki ya tatu.”

Mama alilitazama bakuli la maharage, kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Hakutoka tena siku ile.

Aliyesema ni Elinaike, aliyesimama mlangoni pa jiko na fimbo zake.

“Basi yaseme sasa. Kuna watoto wa jirani wanateka hapa.”

Akayasema. Maji haya yana madini mengi mno. Msiwape watoto, wala msiyatumie kupikia. Kuyachemsha hakusaidii. Chukueni ya chemchemi. Hayo tu, ndugu zangu. Yaliisha kabla chai haijachemka, na mtoto wa miaka saba aliyekuwa na ndoo yake aliyaelewa yote. Hapo ndipo yule mzee alipolia, aliposikia jinsi maneno yenyewe yalivyo machache.

Sherehe ya kuagwa ilifanyika. Alisimama mbele ya vijana akawaambia kwamba jambo asiloweza kulisahau si siku ile ya kucheka kwenye ujia, akawasimulia hili. Wengine waliinamisha vichwa, mmoja akatoka nje. Miaka iliyobaki aliitumia kwenda kijiji hadi kijiji na lile daftari la zamani. Maji ya mlimani sasa yamevutwa kwa bomba mpaka pale, na watoto wanaozaliwa wanacheka kwa meno meupe. Lakini mama yule alifariki bila kumpokea tena. Na miguu ya Elinaike haikunyooka.

Sasa tugeuke kwetu. Tumezoea kuungama mabaya tuliyotenda. Je, tunaungama tuliyoyajua tukayakalia? Wewe uliyemwona anayemtesa mtoto wa jirani ukasema wapo wazazi wake. Wewe unayejua shamba analotaka kununua mwenzako lina kesi, unasema wapo wanasheria. Wewe uliyepima, ukaujua ugonjwa wako, na mkeo hajui. Sote tuna ngazi zetu, ndugu zangu, na sote tuna kesho zetu. Na huku nje watu wanakunywa.

Usiniambie unatafuta maneno mazuri. Aliyeko kisimani hahitaji maneno mazuri. Wala usijifariji kwamba ukinyamaza hujatenda kitu, kwa maana pengine kuna mtu amekataa kusikiliza wengine wote kwa sababu anakuamini wewe.

Mungu anasamehe, hilo nalihubiri na nitakufa nikilihubiri. Lakini ipo mifupa ambayo msamaha hauinyooshi.

Tunakwenda kuimba. Wapo humu ndani leo watu wenye neno la kumwambia mtu aliyekaa safu mbili tu nyuma yao. Wimbo utakapoanza, wewe usiimbe. Inuka, umwendee.